Alijigonga: Silabi Moja ya Polisi na Kazi ya Mpasuaji Maiti

Kiswahili kina silabi moja ambayo hufanya kazi nyingi sana pale mtu anapofia mikononi mwa polisi. Ni -ji-. Alijigonga. Alijinyonga. Alijirusha kutoka ghorofani. Ukiipachika silabi hiyo ndani ya kitenzi, mambo mawili hutokea kwa mpigo: anayetenda hatafutwi tena, na marehemu anageuka mshukiwa wa kifo chake mwenyewe. Kesi imefunguliwa na kufungwa ndani ya neno moja.

Naandika habari za mahakama kwa riziki, na fasihi naisoma kwa mapenzi. Muda mrefu nilidhani hivyo ni vyumba viwili tofauti. Lakini kadiri ninavyosoma ripoti za upasuaji wa maiti zinazofikishwa mbele ya majaji, ndivyo ninavyoziona kama matini: zina msimulizi, zina sauti, zina uchaguzi wa vitenzi. Na katika vifo vya korokoroni, kazi ya kwanza ya ripoti hizo ni ya kisarufi. Mpasuaji anaitwa kuamua kama ile -ji- inastahili kubaki.

Tuanze na kifo ambacho wasomaji wengi wa hapa wanakikumbuka. Mnamo tarehe 7 Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu mwenye umri wa miaka 31 aliyekuwa akiandika mitandaoni, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kuhusiana na machapisho juu ya Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, Eliud Lagat. Alisafirishwa hadi Nairobi na kuwekwa katika kituo cha polisi cha Central. Kufikia asubuhi ya tarehe 8 alikuwa amekufa. Taarifa ya polisi ilisema alipata majeraha ya kichwa baada ya kugonga kichwa kwenye ukuta wa seli.

Taarifa ile iliandikwa kwa Kiingereza, na ilipoingia katika Kiswahili ilikuta njia panda. Ungeweza kuandika "aligonga kichwa ukutani", na msomaji akafikiria ajali: gizani, mtu kajikwaa. Au ungeandika "alijigonga", na hapo umeshasema kwamba alikusudia. Kiingereza kilikuwa kimeuacha mlango wazi katikati ya hayo mawili. Kiswahili hakikupi nafasi hiyo. Kinakudai uamue, tena kabla mwili haujapasuliwa. Ndiyo maana mitaani watu waliongeza neno la tatu, neno ambalo halimo kwenye taarifa yoyote rasmi: ati. "Ati alijigonga." Katika silabi mbili, raia walikuwa wamefanya uhakiki wao. Ati ni alama ya kunukuu ya Kiswahili cha mdomo. Inasema: haya ni maneno ya mwingine, mimi simo.

Siku mbili baadaye jopo la wanapatholojia watano, wakiwemo waliosimama kwa niaba ya familia, liliufanyia mwili ule upasuaji. Dkt. Bernard Midia, aliyezungumza kwa niaba yao, alitaja mambo matatu: majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa, na majeraha ya misuli na ngozi yaliyotapakaa mwilini. Kisha akaeleza jambo ambalo kwangu ni sentensi ya uhakiki kamili. Mtu akijigonga ukutani, alisema, majeraha yake huwa na mpangilio. Kwa kawaida hukaa upande wa mbele. Lakini hapa damu ilikuwa imevilia usoni, pande za kichwa na kisogoni. Ukijumlisha na shingo, ile hadithi ya kujigonga haikuwa na pa kusimama. Tarehe 11 Juni, Inspekta Jenerali Douglas Kanja alifika mbele ya Seneti na kuomba radhi kwa taarifa ya awali. Baadaye watu 6, wakiwemo maafisa 3 wa polisi, walishtakiwa kwa mauaji. Hilo la nani alifanya nini ni la mahakama. Ninachotaka kukitazama ni kile kilichotokea kati ya tarehe 8 na 11: -ji- iling'olewa kwenye kitenzi kwa kisu cha mpasuaji.

Inang'olewaje, basi? Hapa waandishi wengi, wa magazeti na wa riwaya, hupita haraka. "Uchunguzi wa maiti ulibaini..." na tunaendelea. Hebu tukae hapo kidogo, maana mbinu zenyewe ni mbinu za msomaji makini.

Kwanza, mpasuaji haamini jalada. Ngozi nyeusi huficha michubuko. Damu iliyovilia chini yake inaweza isionekane kwa macho hata kidogo. Kwa hiyo, mtu akifia korokoroni, haitoshi kuupindua mwili na kuandika "hakuna jeraha la nje". Ngozi ya mgongo, mikono, matako, mapaja na nyayo hupasuliwa na kufunuliwa ili misuli ionekane. Nyayo, kwa sababu kuna wanaojua kumpiga mtu mahali ambapo jamaa wakija kumtambua mochari hawatapatazama.

Pili, anasoma mahali. Kichwa kinachosogea kikigonga kitu kilichotulia, kama mtu anapoanguka kisogo sakafuni, mara nyingi ubongo huchubuka zaidi upande wa pili, mbali na pale palipogongwa. Kichwa kilichotulia kikipigwa na kitu kinachosogea, kama rungu, ubongo huumia zaidi chini ya pale pale palipopigwa. Si kanuni isiyokosea, lakini ni ushahidi. Vivyo hivyo kamba: alama ya aliyejinyonga kwa kujining'iniza kwa kawaida hupanda kuelekea kwenye fundo, na ya aliyenyongwa na mwingine kwa kamba huelekea kuizunguka shingo kwa usawa. Fikiria: tofauti kati ya "alijinyonga" na "alinyongwa" inaweza kuwa ni mwinamo wa mstari mmoja shingoni.

Tatu, anasubiri. Shingo haipasuliwi mwanzo. Ubongo na viungo vya kifua hutolewa kwanza ili damu ichuruzike, kisha misuli ya shingo inafunuliwa tabaka kwa tabaka, hadi kwenye kale kamfupa kadogo kalicho juu ya koromeo. Ukiwa na pupa, kisu chako mwenyewe kitamwaga damu kwenye tishu, na kesho wakili atauliza kama damu hiyo ni ya polisi au ni yako.

Nne, anasoma wakati. Rangi ya mchubuko si saa ya kuaminika, lakini kipande cha tishu chini ya hadubini kinaweza kusema kitu. Mtu akiumizwa angali hai, chembechembe nyeupe za damu huanza kukusanyika kwenye jeraha baada ya muda. Kwa maiti hazikusanyiki. Kwa hiyo mwili wa mtu aliyekaa seli siku tatu unaweza kuwa na majeraha ya umri tofauti, na umri huo unalinganishwa na kitabu cha matukio cha kituo. Matini mbili, mwili na kitabu, zinasomwa sambamba. Zikipishana, moja imedanganya. Na mwili haujui kuandika upya.

Kuna jambo la tano, nalo ni la msamiati. Ukitaka kujua kama ripoti ni ya maana, tazama ilivyojaza nafasi ya chanzo cha kifo. "Moyo ulisimama" si chanzo. Moyo wa kila aliyekufa umesimama. Huko ni kusema marehemu amekufa, basi. Ripoti nzuri hujengwa kama mnyororo: kilichomuua mwishoni, kilichosababisha hicho, na kilichoanzisha yote. Mtu anaweza kupigwa kwenye misuli usiku kucha pasivunjike mfupa hata mmoja, kisha misuli iliyopondeka ikamwaga protini zake katika damu, figo zikaelemewa, naye akafa siku kadhaa baadaye kitandani hospitali. Mwandishi wa ripoti akiishia kwenye "figo zilishindwa kufanya kazi" atakuwa amesema kweli. Pia atakuwa amemficha mpigaji nyuma ya ugonjwa. Msomaji wa fasihi anaijua mbinu hiyo: msimulizi asiyedanganya katika sentensi yoyote, ila amechagua mahali pa kuanzia hadithi.

Sasa twende kusini, kwa sababu hakuna nchi ya Afrika ambayo fasihi yake imepambana na sarufi hii kuliko Afrika Kusini. Chini ya sheria za kizuizini za utawala wa kibaguzi, zaidi ya watu 70 walikufa wakiwa mikononi mwa polisi, na maelezo rasmi yalikuwa na vitenzi vinavyojirudia: alijinyonga, aliruka dirishani, alianguka, aliteleza. Vitazame. Viwili vya mwanzo vinamlaumu marehemu. Viwili vya mwisho havimlaumu yeyote: sakafu, ngazi, bafu. Hakuna hata kimoja chenye mtendaji wa pili chumbani, ingawa chumbani daima kulikuwa na wengine.

Mshairi Chris van Wyk aliliona hilo mnamo 1979 katika shairi lake fupi, "In Detention". Anachukua visingizio vitatu vya polisi, kimoja cha ghorofa, kimoja cha kamba na kimoja cha kipande cha sabuni, anavipanga kama taarifa rasmi, kisha anaanza kubadilishana vipande: kitenzi cha hiki na mahali pa kile. Mpaka shairi linapoisha, sentensi hazina maana tena, na ndipo unapong'amua kwamba hazikuwa na maana tangu mwanzo. Hakuna damu katika shairi lile. Hakuna kilio, hakuna laana. Wengi huliita shairi la kejeli, na ndiyo, lakini mimi naliona kama upasuaji. Amelaza sentensi ya polisi mezani, akaifungua, akaonyesha kwamba ndani hamna mtu.

Filamu ya Cry Freedom ya Richard Attenborough (1987) imelaumiwa, na kwa haki, kwa kumfanya mwandishi wa habari Mzungu, Donald Woods, kuwa kitovu cha hadithi ya Steve Biko. Lakini mwisho wake una jambo ambalo hakuna mhusika anayelisema. Inapanda orodha ya waliokufa kizuizini: jina, tarehe, maelezo rasmi. Jina, tarehe, maelezo rasmi. Baada ya saa mbili na nusu za mbio za magari na muziki, kilichobaki akilini mwangu ni safu ile ya tatu. Filamu nzima ingeweza kuwa ile safu.

Biko mwenyewe alikufa tarehe 12 Septemba 1977 huko Pretoria, baada ya kusafirishwa kutoka Port Elizabeth zaidi ya kilomita 1,000, uchi, nyuma ya Land Rover. Waziri Jimmy Kruger alianza kwa kuzungumzia mgomo wa kula, yaani kwa Kiswahili chetu: alijinyima chakula. -Ji- nyingine. Upasuaji ulifanywa na mwanapatholojia wa serikali, Profesa Johan Loubser, naye Dkt. Jonathan Gluckman akawepo kwa niaba ya familia. Walichokikuta hakikuwa tumbo tupu, kilikuwa ubongo ulioumizwa vibaya. Kuanzia siku ile hadithi ya njaa ilikufa, na polisi wakalazimika kutunga nyingine: kulitokea vurugu katika chumba cha mahojiano, akagonga kichwa ukutani.

Ukuta tena. Kati ya Port Elizabeth ya 1977 na Nairobi ya 2025 kuna miaka 48, na ukuta bado ndiye mshukiwa anayetajwa kwa urahisi zaidi.

Uchunguzi wa mahakama kuhusu kifo hicho uligeuzwa mchezo wa kuigiza, The Biko Inquest, na Norman Fenton na Jon Blair, kwa kutegemea kumbukumbu za kikao chenyewe. Ni mchezo unaofaa kusomwa na kila anayeandika tamthilia kwa Kiswahili, kwa sababu hauongezi chumvi. Daktari Ivor Lang, aliyemwona Biko akiwa hai, alikuwa ameandika cheti kwamba hakuona dalili ya tatizo lolote. Wakili Sydney Kentridge anamuuliza mkuu wa usalama, Kanali Goosen, ni sheria gani iliwaruhusu kumfunga mtu minyororo saa 48, na jibu lake ni kwamba wao hawafanyi kazi kwa sheria. Mwandishi gani angethubutu kubuni jibu hilo? Angeambiwa amezidisha.

Hata hivyo nina shaka moja na mchezo huo. Unamfanya mtazamaji amshangilie wakili. Kentridge anauliza vizuri mno, na ukitoka ukumbini unahisi haki imetendeka, ilhali hakimu Marthinus Prins aliamua kwamba hakuna mtu wa kulaumiwa. Ushindi wa ufasaha unaficha kushindwa kwa hukumu. Upasuaji ulikuwa umesema lililo kweli kuhusu ubongo. Mahakama ikalipokea, ikashukuru, ikaliweka kando.

Ndipo tunapofika kwenye mpaka wa kazi ya mwanapatholojia, na hapa ndipo ninapogombana na wanaodhani ripoti yake ni ufunuo. Tazama sentensi zake. Mtu "aligongwa na kitu butu". Shingo "ilibanwa". Majeraha "yalisababishwa". Kauli ya kutendwa, kila mahali. Polisi wanaandika "alijigonga". Mwanapatholojia anaandika "aligongwa". Sentensi ya tatu, "fulani alimgonga", si yake kuiandika. Ni ya mahakama. Sarufi inatuonyesha hatua tatu za haki, na inatuonyesha pia ni wapi kesi nyingi hukwama: kwenye ile -w-. Tunajua alitendwa. Hatujui, au hatusemi, na nani.

Mtu anaweza kusema kauli ya kutendwa ni woga. Wakati mwingine ni woga kweli, hasa katika magazeti: "waandamanaji waliuawa", kana kwamba risasi zilinyesha. Lakini kwa mpasuaji -w- ni adabu ya taaluma. Ameona jeraha, hakumwona mpigaji. Anasimama pale macho yake yanapoishia. Adabu hiyo ndiyo inayoipa ripoti yake uzito, kwa sababu mwandishi anayekataa kusema asichokiona anaaminika anaposema alichokiona.

Na uzito huo unaweza kungoja. Ahmed Timol, mwalimu na mwanaharakati, alikufa tarehe 27 Oktoba 1971 kwa kuanguka kutoka ghorofa ya 10 ya makao ya polisi ya John Vorster Square, Johannesburg. Mwaka uliofuata hakimu aliamua kwamba alijiua. Familia haikukubali. Uchunguzi ulifunguliwa tena mwaka 2017, na wanapatholojia wakaisoma upya ripoti ya 1971: maelezo yake, michoro yake, picha zake. Wakaonyesha majeraha ambayo kuanguka peke yake hakukuyaeleza, majeraha aliyokuwa nayo kabla ya dirisha. Tarehe 12 Oktoba 2017, Jaji Billy Mothle aliamua kwamba Timol hakujirusha, alisukumwa. Miaka 46. Mwaka 2023 likawa hivyo hivyo kwa Imam Abdullah Haron wa Cape Town, aliyefia kizuizini 1969 na ambaye polisi walisema alianguka ngazini: mahakama ilibatilisha uamuzi wa zamani na kuona kwamba mateso ndiyo yaliyomuua.

Nayasoma haya kama mtu wa vitabu na nashikwa na jambo moja: waliowapasua Timol na Imam Haron walifanya kazi chini ya utawala ule ule uliowaua. Huenda hawakujua watasomwa na nani. Lakini walipima, wakachora, wakahesabu michubuko, wakapiga picha. Maelezo ya kina yaliwashinda wenye nguvu kwa kudumu tu. Hitimisho la hakimu lilichakaa, vipimo havikuchakaa. Hilo ni somo la uandishi kabla halijawa somo la sheria.

Kuna upande wa pili wa somo hilo, nao aliushika Dario Fo. Desemba 1969 mfanyakazi wa reli wa Italia, Giuseppe Pinelli, alianguka kutoka dirisha la ghorofa ya nne ya makao ya polisi Milano, alikokuwa akihojiwa kuhusu bomu la Piazza Fontana. Mwaka uliofuata Fo aliandika tamthilia inayojulikana sana kwa Kiingereza kama Accidental Death of an Anarchist. Mwendawazimu anajifanya jaji, anawaambia polisi warudie maelezo yao, na kila wanaporudia anawasaidia kuyaboresha hadi yanaporomoka. Fo hashughuliki na maiti hata kidogo. Anashughulika na matoleo. Anajua kwamba toleo la pili la polisi ndilo ushahidi kwamba toleo la kwanza lilikuwa utunzi. Na uhalisia ulimpiku: mwaka 1975 hakimu alihitimisha kwamba Pinelli hakuuawa wala hakujiua, bali alishikwa na hali fulani ya ghafla akapoteza mizani. Si -ji- wala si -w-. Mwili ulifanya wenyewe. Ukisoma tamthilia baada ya kuujua uamuzi huo, kicheko kinakukaba.

Sisi je? Katika Kiswahili tuna utamaduni mzuri wa hadithi za upelelezi, na kinara wake ni Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Bwana Msa ana kiko chake na mantiki yake, na tunampenda. Lakini mkataba wa hadithi hizo ni kwamba anayetafuta ukweli na anayeshika funguo za seli wako upande mmoja, au angalau hawazuiani. Kifo cha korokoroni kinauvunja mkataba huo. Mwenye kuandika kitabu cha matukio ndiye mwenye kuulizwa. Eneo la tukio liko ndani ya kituo. Mwili unapelekwa mochari kwa gari la polisi, na maelezo ya kwanza anayopewa daktari kuhusu marehemu mara nyingi ni ya polisi. Huwezi kuandika hadithi hiyo kwa mtindo wa Bwana Msa. Unahitaji mhusika mwingine, na nadhani mhusika huyo ni mpasuaji: mtumishi wa serikali anayeombwa kuisoma serikali.

Tunao watu wa kumjenga, na tunayo mazingira. Kumbukeni ndugu wawili wa Kianjokoma, Embu, waliokamatwa Agosti 2021 kwa kuvunja kafyu. Polisi walisema waliruka kutoka kwenye gari lililokuwa likienda. Waliruka: tena kitenzi kisicho na mtu wa pili. Upasuaji ulikuta majeraha ya kichwa na mbavu, familia na umma ukakataa hadithi ya kuruka, na maafisa 6 wakashtakiwa kwa mauaji. Mazingira ya sheria nayo ni riwaya tosha. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa uitwao Minnesota Protocol, wa 1991 uliorekebishwa 2016, unaeleza upasuaji wa namna hii ufanywe vipi na unaipa familia nafasi ya kuwakilishwa. Kenya ilipitisha sheria ya kuunda huduma ya kitaifa ya uchunguzi wa vifo mwaka 2017, kisha miaka ikapita bila huduma hiyo kuundwa. Waswahili husema maiti haulizwi sanda. Sawa, asiulizwe sanda. Lakini lazima pawepo wa kumuuliza alikufaje, tena mtu asiyelipwa na anayeshukiwa.

Na kwa wenzangu wa vyumba vya habari nina ombi dogo la kisarufi. Taarifa ya polisi ikifika usiku saa nne, na mwili bado haujapasuliwa, msiiweke -ji- kama yenu. Iacheni iwe ya mwenyewe: "polisi wanadai alijigonga". Ripoti ya upasuaji ikitoka, msiridhike na "alikufa kutokana na majeraha". Andikeni majeraha yalikuwa wapi, mangapi, ya umri gani, na kama shingo ilifunguliwa. Andikeni nani alikuwepo chumbani kwa niaba ya familia. Msomaji anaweza kuvumilia. Mama wa marehemu ameshavumilia zaidi.

Ombi kwa waandishi wa hadithi ni gumu kidogo. Tumezoea kuandika mateso kwa vivumishi: ya kinyama, ya kutisha, ya kusikitisha. Van Wyk hakutumia hata kimoja. Ripoti ya Timol haikutumia hata kimoja. Ningependa kusoma riwaya ya Kiswahili ambayo sura yake moja nzima ni upasuaji, kuanzia nguo zinavyovuliwa na kupigwa picha hadi chupa za sampuli zinavyobandikwa majina kwenda kwa mkemia wa serikali, imeandikwa kwa utulivu ule ule, bila mwandishi kutuambia tuhisi nini. Mwishoni mwa sura daktari anakaa, anachukua kalamu na kuifikia ile nafasi ya chanzo cha kifo. Nje ya mlango anasubiri afisa aliyeleta mwili, na pembeni yake, kwenye benchi, anasubiri baba. Wote wawili wanataka kujua ataandika kitenzi gani.